Wanafunzi wa kozi ya mtandaoni hawajibizani katika vikundi: nifanye nini?

Swali

Nawasalimu wote. Ninafundisha kozi ya mtandaoni yenye wanafunzi 36, niliowagawa katika vikundi vinne vya watu tisa tisa. Kila Jumatatu ninaweka swali, nao hupewa hadi Jumapili usiku kulijadili. Wiki nzima huwa kimya, kisha Jumapili jioni maandishi yanamiminika kwa mkupuo, kila mmoja akirudia aliyosema mwenzake na kumalizia kwa "nakubaliana nawe". Nilipoanza kutoa alama za ushiriki, maandishi yaliongezeka lakini mjadala haukuzaliwa. Nifanye nini?

Jibu la 1

Mwalimu mwenzangu, kabla ya kuwalaumu wanafunzi, litazame swali lenyewe. Swali la "eleza sababu" likishajibiwa na wa kwanza, wengine hawana la kuongeza zaidi ya kukubali, na mimi mwenyewe nilichelewa kulitambua hilo. Wape jambo la kuamua, ambalo watu wawili makini wanaweza kutofautiana juu yake.

Pia, watu tisa ni wengi. Mwaka 1913 Mfaransa Max Ringelmann alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba kadiri watu wanaovuta kamba pamoja wanavyoongezeka, ndivyo nguvu anayotoa kila mmoja inavyopungua. Wagawe wanne wanne, kisha utumie mbinu aliyoianzisha mwanasaikolojia Elliot Aronson huko Austin, Texas, mwaka 1971: kila mwanakikundi anasoma sehemu yake tu ya somo, hivyo kazi haikamiliki mpaka wenzake wamsikilize.

Jibu la 2

Naongeza suala la muda. Weka tarehe mbili za mwisho: Alhamisi kwa hoja ya kila mtu, Jumapili kwa kuwajibu wenzake. Ikiwa mnatumia Moodle, ule mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ipo aina ya jukwaa la maswali na majibu ambamo mwanafunzi haoni maandishi ya wengine mpaka atume ya kwake.

Jibu la 3

Naandika nikiwa mwanafunzi. Wengi wetu hatunyamazi kwa uvivu; tunaogopa kumpinga mtu tusiyemfahamu, kwa maandishi yatakayobaki hapo muhula mzima. Mwalimu wetu mmoja alimteua mpinzani wa kikundi kwa zamu kila wiki, na tangu hapo kupinga kukawa wajibu badala ya utovu wa adabu. Tafadhali pia usilazimishe mikutano ya video, kwa sababu wenye intaneti dhaifu hugeuka wasikilizaji tu.

Mwuliza swali

Nashukuru sana. Nitaanza na vikundi vya wanne na tarehe mbili. Kinachonitia wasiwasi ni hizo sehemu za somo: je, mmoja asiposoma yake, kikundi si kitakwama?

Jibu la 1

Kitakwama ukiwaacha hivyo. Kwa kuwa utakuwa na vikundi tisa, wale tisa waliopewa sehemu moja wakutane kwanza katika kikundi chao cha muda na kuandaa muhtasari wa pamoja. Mmoja akitoweka, wenzake watauchukua muhtasari huo na kuendelea.