Nairobi hadi New York ni masaa mangapi kwani? Tiketi ya mama inanichanganya

Kitinda Mimba
Wadau nisaidieni. Mamangu ana miaka 68, anaenda New York mwezi wa kwanza kuona mjukuu na hajawahi kupanda ndege, mbali alikowahi kufika ni Mombasa tena kwa basi. Nimemkatia ile ndege ya moja kwa moja. Sasa tiketi inasema anatoka JKIA 23:30, anatua JFK 06:30, mi nikahesabu masaa 7 nikamwambia mama hiyo ni kama Mombasa tu, na hata Mtito Andei hamsimami. Jana broo aliye huko alicheka mpaka akakata simu. Kwani ni ngapi?

Mzee wa Lango
Haha pole. Hizo saa mbili si za mji mmoja bwana, 06:30 ni saa ya New York na mwezi wa kwanza wako nyuma yetu masaa 8, kwa hivyo mama akitua huku kwetu itakuwa saa nane na nusu mchana. Hesabu tena: ni masaa 15. Kilomita ni kama 11,840.

Kitinda Mimba
15??? Na ndege si inaenda 900 kwa saa, mbona kwa kalkuleta napata 13 na kitu?

Mzee wa Lango
Upepo. Huko juu kuna upepo mkali sana unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mama akienda unampiga usoni, akirudi unamsukuma mgongoni, ndo maana kurudi ni kama masaa 14. Tena usione hiyo ni mingi, kabla ya Oktoba 2018 hakukuwa na ndege ya moja kwa moja, ilikuwa lazima ushuke Amsterdam au Dubai huko uzurure na mizigo.

Binti Kariakoo
Sisi wa Dar mpaka leo tunaunganisha, na kwetu ni kama kilomita 12,400, shukuruni jamani. Dada, cha muhimu ni miguu, itavimba. Mchukulie siti ya pembeni ya njia ili ainuke kila baada ya muda bila kuruka watu, anywe maji, na uombe mapema kiti cha magurudumu hata kama anatembea vizuri, foleni ya uhamiaji pale ni ndefu. Anuani ya anakofikia mwandikie kwa karatasi, simu ikizima atasema nini? Na asifunge nyama kavu kwa sanduku, watamnyang'anya.

Kitinda Mimba
Nyama ameshaikausha 😭 Nimemweleza hayo masaa 15, hakushtuka hata kidogo, anataka tu siti ya dirisha aone Sahara.

Mzee wa Lango
Sahara wanaipita kweli, lakini usiku wa manane. Na mwambie hili mapema asije akadhani dunia imeisha: anakimbia upande uleule giza linakoelekea, kwa hivyo anaondoka usiku, masaa 15 yote nje ni giza, na akitua New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi jua bado halijatoka.

Kitinda Mimba
Amesema basi nimchukulie ya njiani.