Kursk (2018) imeniangusha: bora K-19 au Das Boot?

Kilindi: Wakuu, tulinganishe filamu tatu za nyambizi: Kursk (2018), K-19: The Widowmaker (2002) na Das Boot (1981). Kwangu Kursk inashika mkia, na inauma kwa sababu mkasa wenyewe ulikuwa mzito. Agosti 12, 2000, nyambizi ya Urusi iitwayo Kursk iko Bahari ya Barents: torpido (kombora la majini) inavuja haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoisukuma, inalipuka. Zinapita sekunde kama 135 tu, torpido nyingine zinalipuka kwa mkupuo. Walikufa watu wote 118, wakiwemo 23 waliokuwa wamekimbilia chemba ya 9, nyuma kabisa. Nyambizi ya mita 154 imelala kina cha mita 108! Ungeisimamisha wima, ncha ingetokeza juu ya maji. Badala ya kutubakiza humo, filamu inaturusha kila mara kwenye vikao vya maofisa.

FundiMota: Usiitupe yote, mkuu. Pale wanapozamia chemba iliyofurika kufuata makopo ya oksijeni, kamera haikatwi, na wewe unajikuta umebana pumzi. Makopo yale yana kemikali ya potasiamu inayofyonza hewa chafu na kutoa oksijeni. Ikigusa maji yenye mafuta, inawaka papo hapo na kula hewa iliyobaki. Hapo hawakukosea.

Bi_Mkwaju: Tatizo ni jina. Aliyeandika orodha ya wale 23 gizani, kwa kupapasa, ni Dmitri Kolesnikov, ofisa wa Kursk. Stering wa filamu anaitwa Mikhail Averin. Putin, ambaye siku zile alikuwa mapumzikoni Sochi, hayumo kabisa. Lawama zote wamebebeshwa maadmirali. Ukimwondoa mkubwa wa nchi, hasira za wajane zinamwangukia nani?

Kilindi: Ndiyo maana K-19 naipa nafasi ya pili, ingawa nayo ni Warusi wanaoongea Kiingereza. Chanzo unakifuata hatua kwa hatua: bomba la kupoza kinu cha nyuklia linavuja, mfumo wa akiba haupo, joto linapanda, mabaharia wanaingia kwa zamu za dakika 10 kuchomelea bomba jipya. Wamevaa nguo za kujikinga na kemikali. Kwa mionzi ni sawa na koti la mvua. Wa zamu ya pili anawaona wa kwanza wakitoka, nyuso zimeungua, wanatapika, na bado anaingia. Katika tukio la kweli, Julai 1961, 8 walikufa ndani ya wiki 3.

FundiMota: Das Boot, ya nyambizi ya Wajerumani kwenye Vita Kuu ya Pili, haina mpinzani. Wanazama kwenye mlango-bahari wa Gibraltar hadi mita 280, bolti zinafyatuka kama risasi, na hakuna anayetoa hotuba. Tafuta toleo la 1997 la dakika 209, sauti ya Kijerumani na manukuu chini.

Bi_Mkwaju: Kwa atakayeangalia Kursk: picha inaanza nyembamba, inapanuka nyambizi ikiingia baharini. Msiguse mipangilio ya TV, ndivyo ilivyotengenezwa.