Tupeane uzoefu: okidi yako iligoma kuchanua, ukagundua tatizo ni mwanga?

Nusukivuli (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapenda maua. Nina okidi moja, ile ya maua mapana kama mabawa ya nondo, wataalamu huiita Phalaenopsis. Nililetewa ikiwa imechanua, maua yakadumu karibu miezi mitatu, yakapukutika. Huu mwaka wa tatu sijaona hata tumba. Majani sasa! Mapana, kijani kimekolea, kila mgeni anayasifia. Namwagilia, nafuta vumbi, naisemesha. Iko juu ya kabati la vitabu, kama hatua nne kutoka dirishani.

Maelezo ya jumla nimeyasoma hadi macho yakauma. Nataka yaliyowakuta nyinyi wenyewe: ulikosea wapi, ukahamishia wapi, ikachukua muda gani.

Mama Vyungu

Mwanangu, jibu umelitoa mwenyewe na wageni wako wamelithibitisha. Kijani kilichokolea kwenye okidi si afya, ni njaa ya mwanga. Jani linajijaza kijani ili linase kile kidogo kinachofika. Likishiba huwa la kijani kilichopauka kidogo, kama nyasi changa. Likianza wekundu pembezoni, limefika ukomo, lisogeze nyuma.

Yangu ilikaa sebuleni miaka miwili kama yako. Chumba nakiona cheupe kabisa, nasoma bila taa. Kumbe jicho linatudanganya: ukiondoka dirishani hatua mbili tatu tu mwanga umeshuka mno, ila mboni inajifungua, wewe huoni tofauti. Mmea hauna mboni.

Niliihamishia dirisha la mashariki, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kioo. Jua la asubuhi inalipata, likianza ukali limeshapanda juu ya nyumba. Majani ya zamani hayakubadilika rangi. Lililofuata ndilo lilitoka na rangi ninayokwambia. Kikonyo cha maua kilichungulia mwezi wa saba tangu niihamishe. Kwa hiyo usianze kuchungulia kesho.

Fundi Saa

Naomba nitoe ushuhuda wa upande wa pili kabla mkuu hajakimbilia dirishani leo hii.

Mimi nikiambiwa kitu nafanya mara moja. Nilisoma "mwanga zaidi", nikatoa chungu kwenye kona ya giza nikakiweka kwenye jua la saa saba mchana, nikaondoka. Nilivyorudi nikashika jani: la moto, kama kikombe kilichotoka kumiminiwa chai. Usiku halikuonyesha kitu. Asubuhi kuna doa jeupe ukubwa wa kiganja cha mtoto, baada ya wiki likawa kahawia, kavu, ukiligusa linalia kama karatasi. Hilo doa halifutiki. Jani likiungua limeungua, utaishi nalo hadi lidondoke lenyewe, na okidi haina haraka ya kudondosha majani.

Siku hizi nasogeza kidogo kidogo, wiki mbili au tatu hadi ifike ninapotaka. Na nina vipimo viwili vya bure. Cha kwanza, gusa jani saa ya jua kali: likiwa na joto kuliko hewa ya chumba, weka pazia jepesi au lisogeze. Cha pili, weka mkono sentimita 30 hivi juu ya majani. Kivuli chenye ukingo mkali kama kimekatwa kwa mkasi, hapo pamezidi kwa Phalaenopsis. Kivuli kinachoonekana ila kingo zimefifia, hapo ndipo. Kusipokuwa na kivuli kabisa, hiyo ni kabati la vitabu.

Nusukivuli

Nimeenda kupima. Hakuna kivuli. Nimecheka peke yangu.

Mtu wa Namba

Kwa wanaopenda tarakimu kama mimi: kuna programu za simu za kupimia mwanga, si sahihi kama kifaa halisi lakini zinatosha kulinganisha sehemu moja na nyingine. Phalaenopsis hufurahia luksi (kipimo cha mwanga) 10,000 hadi 16,000 hivi. Okidi za aina nyingine ni tofauti: Cattleya hutaka 20,000 hadi 30,000. Vanda ndiyo usiseme, hiyo inataka karibu kila kitu ulicho nacho. Rafu yangu niliyokuwa najivunia ilisoma 700.

Ndiyo maana ukiuliza "okidi inataka mwanga kiasi gani" unapata majibu kumi. Wanazungumzia mimea tofauti kabisa. Hata vanila ni okidi. Jua kwanza unayo ipi.

Dirisha Lilelile

Jina langu linatokana na kisa hiki. Okidi zangu tatu zilikaa dirisha moja miezi minane bila shida, zikachanua, nikajiona bingwa. Mwezi wa tisa zote zikaungua upande mmoja. Chungu kilekile, dirisha lilelile, sijagusa kitu. Nililaumu mbolea, nikalaumu maji, nikamlaumu hadi aliyenisaidia kumwagilia niliposafiri (bado hajanisamehe vizuri).

Kilichohama ni jua. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba limeenda kusini. Ukiwa karibu na ikweta, dirisha la kusini lililokuwa kivulini nusu mwaka linageuka kuwa la jua nusu nyingine. Ukiwa mbali na ikweta upande haubadiliki sana, lakini jua la majira ya baridi hukaa chini na kuingia ndani zaidi chumbani. Kwa hiyo mtu akikwambia "weka dirisha la kusini" muulize yeye yuko wapi duniani. Mashariki ndiyo salama kwa wote.

Sasa kila baada ya miezi miwili natazama doa la jua sakafuni saa sita. Likitambaa kuelekea vyungu, natundika pazia.

Mpangaji Chumba cha Nyuma

Sisi ambao dirisha linatazama ukuta wa jirani tunafanyaje? Nilinunua taa ya LED nyeupe ya kawaida, nikaitundika sentimita 30 juu ya majani. Kosa langu: niliiwasha usiku na mchana, nikidhani nafidia. Wiki zikapita, mmea umeduwaa. Baadaye nikaelewa kwamba Phalaenopsis hufungua vitundu vya majani usiku ili kuvuta hewa ukaa, mchana huvifunga kutunza maji. Giza ni sehemu ya chakula chake. Nikaweka saa ya kuzima yenyewe, mwanga kwa muda wa saa 12 hadi 14 kwa siku, basi. Imechanua mara mbili tangu hapo.

Niliua Nne

Mnasema mwanga, mwanga, lakini hamjasema kwamba mwanga na maji vinakwenda pamoja. Mmea ulio gizani haunywi. Zangu mbili za kwanza zilikuwa gizani na nilizimwagilia kila siku mbili kwa huruma. Mizizi ikawa mipira ya kahawia, ukiibana inatoa maji na kubaki uzi. Ya tatu niliipanda kwenye udongo wa bustani, sitaki kuizungumzia.

Ya nne nilikuwa nimejifunza magome ya mti na chungu chenye matundu, nikaiharibu kwa kumwagia juu. Maji yalilala kwenye kitovu pale majani yanapokutana. Siku ya nne nikavuta jani changa kulinyoosha, likatoka lote mkononi, laini, linanuka. Hakuna dawa hapo.

Ya tano iko hai, ina chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Mizizi ikiwa kijani, ina maji, naondoka. Ikiwa kijivu cha fedha, nazamisha chungu kwenye maji dakika kumi, nakichuruzisha. Nikilowesha kitovu kwa bahati mbaya nakausha kwa ncha ya kitambaa. Nilipoisogeza dirishani ilianza kukauka haraka, kutoka siku tisa hadi tano, kwa hiyo usibaki na ratiba ya kabatini.

Mama Vyungu

Niongezee moja nililosahau. Baada ya mwanga, usiku wenye ubaridi ndio huisukuma Phalaenopsis kutoa kikonyo. Yangu ilichungulia baada ya wiki kadhaa za usiku wa nyuzi 17 hadi 20. Chumba chenye joto lilelile usiku na mchana huzaa majani tu. Na matumba yakishatoka, usiweke karibu na bakuli la matunda yanayoiva. Gesi yake hudondosha matumba yote, nimeyaokota mezani kama shanga.

Nusukivuli

Narudi baada ya wiki kumi na moja. Dirisha la mashariki, pazia jepesi, nilisogeza taratibu kama Fundi Saa alivyoonya. Jani jipya limetoka na kweli limepauka, wageni hawalisifii tena. Halafu juzi kuna kitu kimechomoza chini ya jani la pili, urefu wa ukucha, kijani. Nakitazama asubuhi na jioni. Ni kikonyo?

Fundi Saa

Ncha yake ikoje? Ikiwa ya mviringo, laini, inang'aa, ni mzizi. Kikonyo ncha yake ni bapa, ina kama kidole gumba cha glovu pembeni, na huinuka kufuata mwanga.

Nusukivuli

Mviringo. Inang'aa.

Mama Vyungu

Mzizi wa kwanza baada ya miaka mitatu! Acha chungu hapohapo, na usikizungushe.