Utafiti wa uhalifu wa chuki: tuhoji asasi zipi?

ZabibuKavu: Wakuu, niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Tunaandaa utafiti wa uhalifu wa chuki, yaani mtu anadhuriwa kwa sababu ya alivyo: ualbino, kabila, dini. Orodha ya asasi tuliyopewa karibu zote ni za Dar, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) na wenzao. Msimamizi anasema hao wana ripoti na mtu wa kupokea barua. Mimi nataka tuongeze vikundi vidogo vya huku wilayani, Chemba na Kondoa. Mnaonaje?

MkaziWaIpagala: Dodoma mnatafuta nini? Kuua albino ni mambo ya Wasukuma. Hapa mtahoji mizabibu.

NgwanaShinyanga: Mambo ya Wasukuma? Yule mtoto albino aliyeuawa Muleba, Kagera, 2024, Muleba ni Usukumani? Na nyie Wagogo mnaojaa kwenye mataa ya Dar na makopo ya kuomba, tuwaite nani?

MkaziWaIpagala: Sasa hiyo ndiyo chuki yenyewe! Baba yangu kalima uwele Mvumi mpaka mgongo umepinda, hajawahi kumnyooshea mtu mkono. Mleta mada, andika hiyo.

BabuMtani: Utani huo. Mkiuita uhalifu, misibani tutachekeshwa na nani?

BintiKwaMtoro: Shikamoo babu. Mtani anakuja kuzika. Mimi Msandawe, lugha yetu ina sauti za kugonga ulimi, shuleni darasa zima lilikuwa linagonga ulimi kuniigiza, mwalimu naye anacheka. Huyo alikuwa mtani wangu?

BabuMtani: Marahaba. Ila mwalimu hakukupiga.

BintiKwaMtoro: Alinipiga pia 😂 kwa kuongea kilugha.

WakiliMtaani: Tusichanganye. Uhalifu wa chuki lazima kosa la jinai liwepo kwanza, halafu msukumo wake uwe chuki. Kituoni litaandikwa mauaji au shambulio, ile sababu inapotelea hapo. Ndiyo maana mnahitaji asasi. Na vikongwe wa macho mekundu mmewaweka kundi gani? Moshi wa kuni na samadi umewaharibu macho, wakaitwa wachawi, wakakatwa mapanga. Si kabila dogo wala dini, kwa hiyo hawamo.

MkaziWaIpagala: Asasi gani? Pinda akiwa Waziri Mkuu alilia bungeni 2009 kwa mauaji ya albino, hapa hapa Dodoma, wao wakala semina.

ZabibuKavu: Si zote. Kuna katibu wa kikundi cha wenye ualbino Chemba kanionyesha daftari lake, kalifunga kwenye mfuko wa rambo. Nani kapata kofia, nani mafuta ya jua ya kutoka Moshi. Pembeni ya majina mawili kaandika kwa peni nyekundu: "amehama, mlango ulivunjwa usiku." Hilo sijaliona kwenye ripoti yoyote.

WakiliMtaani: Na hayo majina unampelekea msimamizi?

ZabibuKavu: Hapana. Nimenakili maneno tu, majina nimeyaacha.

BintiKwaMtoro: Huyo katibu mtamlipa nauli, au posho ni ya wa Dar tu?

ZabibuKavu: Bajeti imeandikwa "wadau wa kitaifa".

BintiKwaMtoro: Nilijua.

MkaziWaIpagala: Nauli sawa. Mimi bado nasubiri kuombwa radhi kwa yale makopo.

NgwanaShinyanga: Anza wewe na Wasukuma.