Mrejesho: Trela letu lililokuwa likiyumba barabarani

Ndugu zangu, niliahidi kuleta mrejesho, nami natimiza ahadi. Niliwauliza kwa nini trela letu la kulala lilikuwa likiyumba kulia na kushoto kila tulipozidi kilomita 80 kwa saa, kiasi kwamba mke wangu alikuwa ameanza kusema tuahirishe safari yetu ya wiki sita.

Wengi wenu mlisema tupime uzito unaolalia ndoano ya gari, ambao kwa trela la aina yetu unapaswa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Tulipopima tulikuta asilimia 6 tu, kwa sababu baiskeli mbili, madumu ya maji na sanduku la vifaa vilikuwa nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu ya trela). Sanduku na madumu tulivihamishia mbele, baiskeli tukaziacha nyumbani (uamuzi uliomuuma mwenzangu, nami namshukuru kwa kuukubali).

Tofauti ni kubwa mno. Siku ya tatu lori refu lilitupita kwa kasi. Mke wangu alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili, trela likatikisika mara moja, likatulia, naye akauachia mpini polepole bila kusema neno. Kwenye miteremko ninashusha gia mapema badala ya kukanyaga breki mfululizo, na kila tunaposimama yeye hukagua cheni za usalama, kisha husogeza kiganja karibu na kila gurudumu, kwani joto lililozidi kwenye gurudumu moja huashiria hitilafu ya beringi au breki. Zimebaki wiki mbili, nasi tunaendelea.