Kumhamishia mbwa kwenye nyama mbichi: nianzeje?

Muulizaji, Area C: Wakuu, mbwa wangu ana kilo 20, miaka 3, amezoea ugali na dagaa. Nataka kumhamishia nyama mbichi. Kiasi gani kwa siku?

Jibu: Mkuu, mbwa mzima hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, wako gramu 400 hadi 600. Kwa 500: nyama 400, shingo za kuku zenye mifupa zikiwemo, ini 50, figo au bandama 50. Ini likizidi ataharisha. Badilisha kwa siku 10: robo, nusu, robo tatu, yote. Kinyesi kikiwa cheupe na kumeguka kama chaki, punguza mifupa.

Jibu: Naongeza, maana hili ni zito: ini na mapafu ya mbuzi au kondoo huweza kuwa na malengelenge ya maji. Mbwa akiyala hupata tegu (minyoo bapa ya tumboni), na mayai ya tegu huyo humwambukiza binadamu. Usitegemee friza kuua vimelea hivyo, umeme hukatika. Viungo vya ndani chemsha nusu saa. Dawa ya minyoo yenye prazikwanteli kila wiki 6.

Jibu: Mifupa iliyopikwa usimpe kabisa, hupasuka ncha kali na kutoboa utumbo.