Kompyuta ndogo ya sebuleni: antena za ndani, vijiti vya nyuma, au zenye kitako cha sumaku?

Nansubuga_Mukono
Habari zenu wanajukwaa. Nimejiundia kompyuta ndogo ya kutazamia filamu, mazabodi ya Mini-ITX (ubao mkuu wa saizi ndogo) ndani ya kasha jembamba la alumini. Kadi ya Wi-Fi ni Intel AX210, lakini antena hazikuja nayo. Itakaa nyuma ya televisheni ya inchi 55. Ruta ya faiba iko chumba cha mwisho, na katikati kuna kuta mbili za tofali za kuchoma. Nyumba ni ya kupanga na mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Mjini Kampala nimeonyeshwa aina tatu: vile vibandiko vyembamba vya ndani kama vya laptopu, vijiti vifupi vya kufunga nyuma ya kasha, na antena mbili kwenye kitako cha sumaku zenye waya wa mita moja. Kibodi yangu ni ya Bluetooth. Mngechukua ipi?

Fundi_Katwe
Dada Nansubuga, vibandiko vya ndani viache. Kwenye laptopu hubandikwa kuzunguka skrini, mahali penye plastiki au pengo la kupitisha mawimbi. Wewe una alumini pande zote, kwa hiyo utakuwa umeifungia redio ndani ya sanduku la chuma. Vingefaa tu kama uso wa mbele wa kasha ungekuwa plastiki.

Vijiti vya nyuma ni antena nzuri, tatizo ni pale vinapokaa. Wi-Fi hupita kwenye masafa kama 2.4 GHz na 5 GHz: wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5 GHz kama sentimita 6. Ukiweka kijiti sentimita chache tu kutoka kwenye bati la kasha, juu yake mgongo wa televisheni ambao nao una chuma, mawimbi yanakatwa na kurudishwa hovyo. Mimi nachukua zenye sumaku, nazitoa pembeni ya televisheni mpaka zionekane kutoka mlangoni.

Okello_Gulu
Fundi, nakuheshimu, ila waya usiusahau. Ule mwembamba wa RG174 kwenye 5 GHz unakula karibu desibeli 3 kwa mita moja, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Wauzaji wengine wana za mita tatu na wanazisifia kuwa zinafika mbali! Kama meza inaruhusu kusogeza kasha hadi ukingoni, vijiti vyenye shingo ya kukunjwa vinamtosha, tena bei iko chini.

Fundi_Katwe
Kweli kabisa kuhusu mita tatu, hizo hata bure nisingechukua. Lakini hasara ya mita moja unaijua kabla hujanunua. Hasara ya kujificha nyuma ya skrini huijui mpaka filamu ianze kukwamakwama. Na yeye amesema kompyuta inakaa nyuma ya televisheni, si ukingoni.

MamaTendo_Jinja
Mwanangu, kabla ya kulipa angalia mdomo wa antena, maana hapa ndipo pesa za wengi zinapopotelea. Madukani zimejaa antena za ruta za 4G, na hizo zina mdomo wa aina ya SMA: ukichungulia ndani ya nati unaona sindano katikati. Vifaa vya Wi-Fi vya kompyuta hutumia RP-SMA, ambapo sindano iko upande wa kasha na antena ina tundu. Nyuzi zao ni zilezile, kwa hiyo ile ya 4G itaingia na kukaza vizuri, kumbe sindano mbili zinasukumana. Unaweza kuharibu zote mbili.

Upande wa kadi, AX210 ya M.2 (umbo la kadi ndogo za kisasa) ina vitundu vidogo vya kubonyezea waya, aina ya MHF4. Waya za kadi za zamani za mini PCIe huja na kichwa cha U.FL, ambacho ni kikubwa zaidi. Zinafanana machoni, lakini usilazimishe. Bonyeza wima kwa kidole, usichomoe na kurudisha mara kwa mara, vitundu hivyo havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na funga waya zote mbili. Kadi inatumia njia mbili kwa pamoja, na Bluetooth ya kibodi yako inapita kwenye antena hizohizo.

Okello_Gulu
Mama Tendo, na namba za dBi, zile zinazoonyesha antena inavyokusanya mawimbi upande mmoja?

MamaTendo_Jinja
Mimi siendi juu ya 5. Antena haizalishi nguvu, inaipanga tu. Ya dBi 2 inatawanya karibu kila upande, na ukipandisha namba unaibana iende mbali kwa usawa huku ukipunguza juu na chini. Kwa nyumba isiyo ya ghorofa, dBi 5 ni sawa. Lakini kijiti cha urefu wa kiganja kilichoandikwa dBi 9 sikiamini. Antena ya kweli ya namba hiyo ya kuzunguka pande zote, kwa 2.4 GHz, inakaribia nusu mita. Hakikisha pia imeandikwa 2.4 na 5 GHz, nyingine ni za 2.4 peke yake.

Kijana_Arua
Shikamooni wakubwa. Kwa nini asichukue tu kidude cha Wi-Fi cha USB?

Fundi_Katwe
Marahaba. Kidude kingebidi kichomekwe kwenye waya wa kurefusha, la sivyo kitakaa karibu na diski ya USB 3.0. Intel wenyewe walichapisha mwaka 2012 kwamba USB 3.0 inatoa kelele za redio zinazovuruga 2.4 GHz. Dada tayari ana kadi nzuri, ailishe antena. Diski ya filamu nayo aiweke mbali na antena, kwa sababu hiyohiyo.

Mzee_wa_Mbale
Waya bapa wa Cat5e ukipitishwa chini ya milango na kando ya ukuta hautoboi kitu, na kwa umbali wa ndani ya nyumba unabeba gigabiti moja kwa sekunde. Hakuna antena itakayoushinda.

Nansubuga_Mukono
Mzee wangu, nakubali, ila watoto wangu wadogo wangeung'oa kila siku. Na Netflix wanapendekeza Mbps 15 tu kwa 4K, kwa hiyo Wi-Fi thabiti inanitosha. Nachukua zenye sumaku, mita moja, RP-SMA, dBi 5. Nizibandike juu ya kasha?

Fundi_Katwe
Hazitashika, sumaku haivuti alumini. Ziweke kwenye rafu ya mbao pembeni ya televisheni, moja wima, nyingine ilaze kidogo. Kisha unganisha na jina la mtandao wa 5 GHz wa ruta na ubaki nalo hilo, uiachie kibodi 2.4, maana Bluetooth hupita huko.